Hodi ya Fahali

Watoto wa Kakuyuni wananiita Mke wa Fahali.
Wakiiona pikipiki yangu, na mtungi wa baridi
umefungwa nyuma kwa mpira wa baiskeli,
hupiga kelele: "Amekuja! Na dume lake chupani!"
Nami hupiga honi. Jina hilo ndilo lililoniezekea nyumba.

Leo ni mara ya tatu kwa Mapesa,
ng'ombe wa Haluwa Mwaringa, mweupe, doa la mkaa shavuni.
Mara ya kwanza zilipita siku ishirini na moja, akarudi kulia.
Mara ya pili nilifika alfajiri, ute ukining'inia kama uzi wa kioo,
saa sawa, kila kitu sawa,
na siku ishirini na moja baadaye, usiku kucha, akarudi kulia.

Haluwa hanilaumu. Anashika kamba, anauliza.
Ameuza madafu barabara ya Malindi miaka kumi;
kwa kugonga kidole tu anajua lipi maji, lipi limeanza nyama.
"Hicho kijiti ndani mna nini?"
Mbegu, namwambia. Za dume la mbali, ambalo hata sijalinusa.
Kiini cha yai. Sukari. Dawa ya kuzuia barafu isizipasue.
"Na maji yake?"
Maji gani?
"Maji ya dume. Fahali wa marehemu akipanda,
yalibaki yakimeta mkiani. Ninyi mmeyapeleka wapi?"

Kijiti kilikuwa kwenye maji vuguvugu, nahesabu sekunde.
Thelathini na tisa. Arobaini.
Yamezimuliwa, nikasema. Dume mmoja, ng'ombe mia tatu.

Chuoni walitufundisha kuwa maji yale ni punda tu,
kazi yake mzigo; ukifika sokoni, unamfungua.
Siku hizi wanaandika mengine.
Kwamba punda yule alibeba na barua.
Kwamba mbegu ni mgeni, na mji wa mimba una askari,
weupe, wakali, wasiotofautisha mchumba na mwizi;
na maji yale hutangulia mlangoni, hupiga hodi,
huwaambia: shusheni rungu, tandikeni mkeka,
anayekuja si jipu wala kidonda. Ni ndama.
Nusu yake mnaijua, nusu ya pili ndiyo hii, inuseni.
Wengine wanabisha. Ng'ombe wengi hushika bila hodi,
na kweli wanashika; ninalo daftari, ninayo majina.
Lakini daftari hilo hilo lina Mapesa.

"Kwa hiyo," akasema Haluwa, "mgeni unampitisha dirishani."
Mkono wangu ulikuwa ndani hadi begani,
nimeikamata shingo ya kizazi, ngumu kama koo la jogoo.
Sikuwa na nafasi ya kujitetea.
Nilisukuma polepole. Mapesa akakunja mgongo,
akanimwagia mavi ya moto juu ya buti.

"Hodi," Haluwa akanong'ona sikioni mwa ng'ombe, wala si kwa mzaha.
"Hodi, mama. Si watu wabaya."
Mara tatu, kama adabu inavyotaka.
Na mimi, mwenye cheti, mwenye glavu ya plastiki,
nikajikuta nasubiri jibu.

Jioni ile ile, alikiri baadaye, fahali wa Jefwa
alivunja ua wa minyaa akaingia bila kuitwa,
yeye na maji yake yote.

Sasa ni mwezi wa tatu. Nimeingiza mkono: ipo.
Kama kitale kinachoelea.
Ya nani? Labda ya chupani, na yule mhuni
alileta hodi tu, akachelewa.
Labda ni yake mwenyewe.
Tutajua kwa nundu.

Haluwa amenilipa nusu.
Nusu nyingine, asema, ni ya nyasi za fahali wa Jefwa,
"kwa zile salamu."